Bia ya nyumbani Goma: mtambo unapongoja nyuzi 100 zisizofika

Mitambo mingi ya umeme ya kupikia bia, ile yenye sufuria, pampu na kikapu cha kimea pamoja, huanza kuhesabu dakika za kuchemsha joto likifika nyuzi 100. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Maji huchemka kwenye nyuzi 95. Yatatokota na kupungua, na saa ya mtambo haitaanza. Weka kiwango cha kuchemka kwenye 94 kabla hujawasha. Hopi, maua yanayotia bia uchungu, nazo huutoa polepole kwenye joto hilo, kwa hiyo chemsha dakika 90 badala ya 60.

Maji ndiyo yenye kazi kubwa. Ya bomba hutoka Ziwa Kivu, lenye bikaboneti nyingi na pH (kipimo cha asidi; ndogo ndiyo kali) karibu 9. Kimea cheupe peke yake hakiwezi kuishusha hadi 5.2–5.6 inayotakiwa, na hapo maganda yake hutoa ukakasi unaokausha ulimi kama ndizi mbichi. Changanya nusu kwa nusu na maji ya chupa yenye madini machache, kisha tia asidi ya laktiki kidogo kidogo huku ukipima. Ya mvua yasikuvutie: moshi wa volkano ya Nyiragongo huyatia floridi. Klorini nayo iondoe kwa kuchemsha maji siku moja kabla, la sivyo bia itanuka dawa ya hospitali.

Kwa lita 20, loweka kilo 5 za kimea kilichovunjwa (kisiwe unga, pampu itaziba) katika lita 17 kwa nyuzi 66, saa nzima. Inua kikapu, suuza kwa lita 13 za nyuzi 75. Hopi gramu 30 huingia maji yakianza kutokota. Poza hadi nyuzi 20, hamisha kwenye chombo safi, nyunyiza gramu 11 za hamira ya bia.

Umeme ukikatika wakati wa kuloweka, usimwage. Funika mtambo kwa blanketi. Baada ya nusu saa wanga mwingi umeshageuka sukari. Umeme ukishuka kutoka volti 220 hadi 180, nguvu ya hita hubaki theluthi mbili tu, hivyo kuchelewa si dalili ya ubovu. Hita ya wati 2,000 huvuta ampea 9: ipe prizi yake.

Bia ikichacha hutoa zaidi ya nusu kilo ya kaboni dioksidi, gesi ileile ya mazuku, mashimo yenye hewa ya kuua. Usiiweke chumba cha kulala kilichofungwa.

Sukari ya chupani, ya kuipa bia gesi, ni gramu 6 kwa lita, baada ya haidromita (kipimo kinachoelea cha uzito wa bia) kusoma namba ileile siku tatu mfululizo. Ukiwahi, chupa hupasuka. Tumia chupa nene za bia. Za juisi hazihimili.