Je, nadharia ya seli inaweza kukanushwa? Maswali na majibu

Nadharia ya seli inasema nini hasa?

Kila kiumbe hai kimejengwa kwa seli moja au zaidi. Seli ndiyo sehemu ndogo kabisa inayoweza kuitwa hai. Na kila seli huzaliwa na seli iliyoitangulia. Mawili ya kwanza tunayapata kwa Wajerumani wawili: Matthias Schleiden, aliyechunguza mimea (1838), na Theodor Schwann, aliyechunguza wanyama (1839). La tatu lilikuja baadaye, baada ya wao wenyewe kuonekana wamekosea.

Walikosea wapi?

Schleiden aliamini kwamba seli mpya hujiunda zenyewe kwenye majimaji, kama chembe za chumvi zinavyojitokeza maji yakikauka, na Schwann akamfuata. Robert Remak wa Berlin akachunguza vijusi vya kuku na mayai ya chura kwa hadubini, akaona kitu tofauti: seli inagawanyika na kuwa mbili. Alitangaza hivyo mwaka 1852. Rudolf Virchow akaieneza hoja hiyo kuanzia 1855, na sifa nyingi zikamwendea yeye, jambo ambalo naona Remak hakutendewa haki.

Kwa mgonjwa, marekebisho hayo yana uzito mkubwa. Kama seli hutoka kwa seli, basi uvimbe wa saratani umetokana na seli za mwili wa mgonjwa mwenyewe. Ndiyo sababu daktari hukata kinyama kidogo na kukipeleka maabara, seli zake zitazamwe kabla ya kuamua matibabu.

Imewahi kujaribiwa kweli, au tumeipokea tu?

Imejaribiwa, tena vikali. Mwanzoni mwa miaka ya 1860, Louis Pasteur wa Ufaransa alichemsha supu katika chupa zenye shingo ndefu iliyopinda. Hewa iliingia, lakini vumbi na vijidudu vyake, ambavyo navyo ni seli, vikanasa kwenye shingo. Supu ikakaa bila kuharibika. Shingo ilipovunjwa, vijidudu vikaota. Kwa hiyo havikujiumba ndani ya supu.

Mpinzani wake, Félix Pouchet, aliyeamini kwamba vijidudu huzuka vyenyewe, alitumia maji yaliyolowekwa nyasi kavu. Akayachemsha, na vijidudu vikaota hata hivyo! Huo ulikuwa ushahidi wa kweli, haukustahili kupuuzwa. Ufafanuzi ulipatikana mwaka 1876, Ferdinand Cohn alipoonyesha kwamba bakteria wa nyasi kavu hutengeneza spora, yaani hujifunga katika ganda gumu linalostahimili maji yanayochemka. Vijidudu vya Pouchet havikuzuka. Vilikuwemo tangu mwanzo na havikufa.

Ubishi huo unatugusa hadi leo wodini. Vifaa vya upasuaji haviishii kuchemshwa sufuriani. Huingizwa kwenye mashine ya mvuke wenye shinikizo, kwa kawaida nyuzi 121 za Selsiasi kwa dakika 15 au zaidi, ili spora nazo zife. Bakteria wa pepopunda ni wa aina hiyo: spora zake hukaa kwenye udongo na kinyesi cha mifugo. Wembe uliokwisha kutumika, hata ukisuuzwa kwa maji ya moto, unaweza kumwambukiza mtoto mchanga kupitia kitovu. Mama mjamzito asikose chanjo ya pepopunda kliniki. Kitovu kikatwe kwa wembe mpya au kifaa kilichotakaswa, na kisipakwe udongo wala kinyesi cha ng'ombe.

Virusi si seli. Havijaivunja nadharia?

Vimeiwekea mpaka. Kirusi hakili, hakikui, wala hakiwezi kutoa nakala zake mpaka kiingie ndani ya seli ya kiumbe kingine. Wanasayansi wengi kwa hiyo hawakihesabu kuwa kiumbe hai kamili, ingawa mjadala upo. Kilicho wazi ni hiki: penisilini huua bakteria kwa kuharibu ujenzi wa ukuta wa seli yao. Kirusi hakina ukuta huo. Kumeza antibiotiki kwa mafua ya virusi hakukuponyi, na kunawapa bakteria waliomo mwilini nafasi ya kujenga usugu.

Na chembe nyekundu za damu, ambazo hazina kiini (sehemu ya seli inayoiongoza)?

Hizo pia ni seli. Huzaliwa kwenye uboho wa mifupa na seli zenye kiini, kisha hukitoa kiini hicho kabla ya kukomaa. Huishi siku 120 hivi, na haziwezi kugawanyika.

Kama nadharia inaweza kukanushwa, kwa nini nikabidhi mwili wangu kwa dawa inayoitegemea?

Kwa sababu tunajua ni kitu gani kingeiangusha: kiumbe kinachokula, kukua na kuzaana bila seli, au seli iliyozuka leo mahali pasipo na seli nyingine. Watu wametafuta kwa zaidi ya miaka 150 na hawajakipata.

Linganisha na dawa inayonadiwa stendi kuwa inatibu kisukari, presha na saratani kwa pamoja. Ukipona, ni dawa. Usipopona, hukufuata masharti. Hakuna tokeo lolote linaloweza kuonyesha kwamba haifai. Muulize muuzaji: wangapi walipewa, wangapi hawakupewa, na nani aliyelinganisha hali zao? Akikosa jibu, usiache dawa ulizoandikiwa kliniki.