Kabla hujasema UN imeshindwa, sema kwanza UN ipi

Nafundisha mahusiano ya kimataifa, na swali linaloniandama kuliko yote ni hili: haya mashirika ya kimataifa yana kazi gani kama vita vinapigwa tu na watu wanakufa? Anayeuliza huwa na hasira na namwelewa kabisa, ila mara nyingi hasira yenyewe anaipeleka kusiko. Wacha nieleze kirefu kidogo, manake hili jambo haliishi kwa sentensi mbili.

Chukua UN yenyewe, yaani Umoja wa Mataifa. Ndani ya hilo jina moja kuna vitu viwili tofauti kabisa. Kuna kikao, yaani nchi 193 wanachama ambazo zinakaa, zinagombana, zinapiga kura na kuamua. Halafu kuna ofisi, yaani Katibu Mkuu na watumishi wake, pamoja na mashirika kama UNICEF la watoto, UNHCR la wakimbizi na WFP la chakula yanayokwenda kufanya kazi kule chini. Ofisi haina jeshi, haina polisi, haitozi kodi. Wale askari wa kofia za bluu unaowaona kwenye taarifa ya habari ni askari wa nchi fulani fulani, wameazimwa tu, na nchi yao ikiamua warudi nyumbani wanarudi. Kuilaumu ofisi kwa kilichoamuliwa na kikao ni kama kumlaumu mwenye ukumbi kwa sababu wageni wamepigana.

Sasa usije ukadhani natetea ofisi. Rwanda mwaka 1994 ndo mfano unaouma zaidi, na ukiufuatilia vizuri unaona wote wawili wana lao. Kulikuwa na kikosi cha UN cha askari kama 2,500 chini ya jenerali wa Kanada, Roméo Dallaire. Januari, miezi mitatu kabla ya mauaji kuanza, Dallaire aliwaandikia New York kwamba kuna silaha zimefichwa na anataka kwenda kuzikamata, makao makuu yakamkatalia. Hiyo ni ofisi. Kisha Aprili mauaji yakaanza, Ubelgiji ikapoteza askari 10 na ikawaondoa waliobaki, na tarehe 21 Baraza la Usalama, yaani nchi chache kati ya wanachama zinazoamua mambo ya amani, badala ya kuongeza nguvu likapitisha azimio la kukipunguza kile kikosi kibaki na watu 270 hivi. Hicho ni kikao, na zile zilikuwa kura za serikali zenye majina na mabalozi wake. Ripoti ya uchunguzi huru iliyotoka 1999 ilizisema pande zote mbili, lakini kwenye mazungumzo ya kawaida utasikia tu "UN ilishindwa", na serikali zilizonyoosha mkono siku ile zinapita hapo kimya kimya bila kutajwa.

Mimi nadhani hiyo nayo ni mojawapo ya kazi za mashirika haya, ingawa hakuna mkataba unaoiandika: kubeba lawama za wenye nguvu. Serikali ikitaka kukwepa jambo gumu inasema "tumelipeleka UN", kisha ndani ya UN hiyohiyo inahakikisha halisogei.

Njia rahisi ya kulizuia jambo lisisogee ni kura ya turufu. Baraza la Usalama lina wanachama 15, ili azimio lipite zinatakiwa kura 9, na asipinge hata mmoja wa wale watano wa kudumu, yaani Marekani, Urusi, China, Ufaransa na Uingereza. Watu wananiuliza nani alikubali utaratibu wa ajabu hivi. Jibu ni kwamba waliokaa San Francisco mwaka 1945 walikuwa wametoka kuona Shirikisho la Mataifa, lililoitangulia UN, likifa mikononi mwao. Marekani haikuingia kabisa, Japani na Ujerumani zilijitoa mwaka 1933, Italia ikaivamia Ethiopia mwaka 1935 na vikwazo vilivyowekwa havikugusa hata mafuta yake, Haile Selassie akaenda mwenyewe Geneva mwaka 1936 kuwaambia, wakamsikiliza na mambo yakaishia hapo. Kwa hiyo mwaka 1945 turufu ilikuwa bei ya kuwafanya wakubwa waingie na wasitoke. Siipendi, lakini kila anayeniambia ifutwe leo namuuliza ataifuta vipi, wakati kubadilisha Mkataba wa UN kunahitaji wale watano haohao waridhie.

Hata hivyo turufu sio mwisho wa njia, na hapa kuna kisa ambacho kila mwaka lazima nikifundishe. 1956 Misri imetaifisha mfereji wa Suez, Israeli, Uingereza na Ufaransa zinaingia kijeshi. Uingereza na Ufaransa zinatumia turufu kwenye Baraza la Usalama, basi suala linahamishiwa Baraza Kuu, kikao cha nchi zote wanachama, ambako hakuna turufu, kwa kutumia utaratibu uliopitishwa 1950. Lester Pearson wa Kanada akatoa wazo la kikosi cha kimataifa kikae katikati, Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld na watu wake wakakipanga ndani ya siku chache tu, na hicho kikawa kikosi cha kwanza cha kulinda amani chenye silaha. Wavamizi wakaondoka. Ukiishia hapo utasema Baraza Kuu lina nguvu kumbe! Lakini kuna kipande kingine: pauni ya Uingereza ilikuwa inaporomoka, London ilihitaji fedha za IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, kwa haraka, na Marekani ilikuwa imebana mpaka Waingereza wakubali kuondoka. Azimio lilitoa mlango wa kutokea kwa heshima, ila aliyewasukuma kuelekea mlangoni alikuwa Washington na pesa.

Linganisha na Machi 2022, Baraza Kuu lilipoitaka Urusi iondoke Ukraine. Nchi 141 ziliunga mkono, 5 zikapinga, 35 hazikuegemea upande. Kura ni nyingi mno, na vita haikusimama hata siku moja. Tofauti na Suez ni kwamba safari hii hakukuwa na mkubwa aliyeweza kumbana mvamizi kiasi kile.

Hata Katibu Mkuu, ambaye watu wanamfikiria kama rais wa dunia, anapatikana kwa ruhusa ya haohao watano. Mwaka 1981 Salim Ahmed Salim wa Tanzania aligombea akiwa na uungaji mkono mkubwa wa nchi za Afrika na nyingine zinazoendelea, Marekani ikamzuia raundi baada ya raundi, na China nayo ikamzuia Kurt Waldheim, Katibu Mkuu aliyekuwa anataka muhula wa tatu, mara 16, mwisho kiti kikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Mwaka 1996 Boutros Boutros-Ghali alipata kura 14 kati ya 15 ili aendelee kwa muhula wa pili, iliyokosekana ni moja tu, ya Marekani, akaondoka. Ukiwa Katibu Mkuu unayajua hayo kabla hujafungua mdomo.

Tuje kwenye pesa, maana hapa ndo utajua nani mwenye sauti. Kwenye IMF wala hawafichi, kura zinaendana na mchango, na maamuzi makubwa yanahitaji asilimia 85. Marekani peke yake ina zaidi ya 16, piga hesabu mwenyewe: ikikataa, waliobaki hawafikishi 85. Kwenye mashirika ya UN ni kwa ujanja zaidi. Kuna michango ya lazima, ambayo kila nchi inapangiwa kwa fomula, na kuna ya hiari. WFP inaishi kwa hiari tupu. Shirika la Afya Duniani, WHO, kwa miaka mingi michango ya lazima imekuwa chini ya moja ya tano ya bajeti yake, zingine ni za hiari na nyingi zinakuja na maelekezo kwamba hizi ni za ugonjwa huu, hizi ni za mradi ule. Halafu tunashangaa kwa nini shirika linahangaikia polio kuliko magonjwa mengine yanayoua watu zaidi. Nchi wanachama zilikubaliana 2022 kuongeza hiyo michango ya lazima taratibu, ila Januari 2025 Marekani, iliyokuwa mchangiaji mkubwa, ikatangaza kujitoa.

Na bado kuna mahali haya mashirika yanafanya kazi vizuri mno mpaka hayaonekani. Ndege inavuka anga la nchi kumi kwa kanuni zilezile kwa sababu ya ICAO, shirika la usafiri wa anga, mkataba wake ulisainiwa Chicago mwaka 1944. Barua na simu zilishapata vyombo vyake tangu karne ya 19. Hayo hayaandikwi kwenye magazeti, hakuna habari inayosema leo marubani wameelewana na waongoza ndege.

Ila ninayoipenda kuliko zote ni ndui. Aliyepeleka pendekezo la kuutokomeza WHO mwaka 1958 ni Umoja wa Kisovieti, na ukatoa chanjo kwa wingi mno. Kampeni ilipoongezwa kasi mwaka 1967, aliyeiongoza pale Geneva alikuwa Mmarekani, D. A. Henderson. Angalia miaka yenyewe! Vita Baridi imepamba moto, makombora yameelekezeana, na hawa wawili wanashirikiana kuwasaka wagonjwa kijiji kwa kijiji. Mgonjwa wa mwisho wa maambukizi ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, mwaka 1977, na 1980 ikatangazwa rasmi kwamba ndui imekwisha duniani. Iliwezekana kwa sababu ugonjwa huo haukai kwa wanyama, chanjo yake ilikuwa inahimili joto, na zaidi ya yote hakuna serikali iliyokuwa inafaidika ndui ikibaki. Ilipokuja korona hiyo sharti ya mwisho ilikosekana: nchi tajiri zikawahi kujifungia chanjo, na WHO haikuwa na namna ya kuilazimisha nchi kugawa chanjo wala kufungua mipaka yake ili wachunguzi waingie.

Ndio maana wanafunzi wangu nawaambia wakisoma "UN imesema" wasimame hapohapo waulize nani amesema. Baraza la Usalama linaweza kuzibana nchi kisheria. Baraza Kuu mara nyingi linapendekeza. Mtaalamu maalumu wa haki za binadamu anajitegemea, wala si mwajiriwa wa UN. Msemaji wa Katibu Mkuu anatoa kauli ya bosi wake. Uzito wake haufanani hata kidogo.

Kingine, wanaoyahitaji sana haya mashirika ni wadogo, mkubwa akikosa kikao ana njia zake nyingine. Vanuatu ni visiwa vyenye watu laki tatu na ushee huko Pasifiki, bahari inapanda. Mwaka 2019 wanafunzi wa sheria wa University of the South Pacific walikuja na wazo la kuliuliza swali la tabianchi mahakamani, serikali ya Vanuatu ikalibeba, ikazunguka kwa mabalozi wa nchi nyingine mmoja mmoja, na Machi 2023 Baraza Kuu likakubali kuiomba Mahakama ya Haki ya Kimataifa kule The Hague itoe maoni. Julai 2025 majaji wakasema nchi zina wajibu wa kisheria kulinda mfumo wa hali ya hewa, na inayokiuka inaweza kudaiwa fidia. Ni maoni tu, hayamfungi mtu moja kwa moja. Lakini kuanzia sasa serikali ikienda mahakamani kujitetea kwamba sheria ya kimataifa haiidai chochote kuhusu hewa chafu inayotoa, wakili wa upande wa pili ana kurasa za kumwonyesha jaji.