Kutenda Kutoka Moyoni: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Lile la kwanza linalokujia ndilo la moyoni.

Kutenda kutoka moyoni ni kutenda papo hapo bila kujilazimisha, lakini lile la kwanza mara nyingi ni mazoea tu. Mtu akikukosoa, jibu kali liko mdomoni kabla hajamaliza, na ni lilelile ulilotoa mwaka jana. Zoezi la kukaa kimya hukuwezesha kuuona msukumo ungali mwilini: taya zinabana, kifua kinapata moto, mabega yanapanda. Kaa dakika 10 kila siku, mgongo wima, ukihesabu pumzi zinazotoka, 1 hadi 10, kisha urudi 1. Ukijikuta umefika 14, akili ilishapotea. Anza upya bila kujikemea. Mchana, msukumo ukija, toa pumzi moja nzima ndipo useme. Moja inatosha. Ukingoja nne utaanza kutunga hotuba, na hapo umeshatoka moyoni umerudi kichwani.

Dhana: Nidhamu huua wepesi.

Wadao, wafuasi wa falsafa ya Dao ya China ya kale, wana kisa cha Ding, mpishi aliyekatakata ng'ombe maelfu kwa kisu kimoja miaka 19, makali yakiwa kama ndiyo kwanza yametoka kwenye jiwe la kunolea. Wengi hukisimulia wakaacha kipande kitamu zaidi: akifika penye kiungo kigumu, Ding hupunguza mwendo na kukaza macho. Wepesi wake haukuwa haraka.

Mwaka 2008 watafiti Charles Limb na Allen Braun walipima ubongo wa wapiga piano 6 wa jazi. Walipobuni muziki papo hapo, sehemu za mbele za ubongo zinazohusika na kujisimamia zilipungua kazi. Lakini hao walikuwa mafundi. Msimamizi huyo wa ndani hupumzika pale tu vidole vinapoijua kazi.

Dhana: Utambuzi wa ndani ni kujichunguza kila saa.

Huko ndiko kuharibu. Ukishuka ngazi huku ukikagua kila hatua, utajikwaa. Katika mazungumzo, peleka usikivu kwenye nyayo zako sakafuni na sauti ya mwenzako; swali la "naonekanaje?" likizuka, litambue, kisha urudi kwenye sauti.

Dhana: Aliyefuzu hutenda papo hapo katika kila jambo.

La hasha. Anzia penye gharama ndogo: njia ya kupita ukitembea, salamu kwa usiyemjua, mwaliko usioutaka. Jambo la deni, ndoa au hasira, lala nalo kwanza.