Nasaba za Makabaila wa Kijerumani wa Enzi za Kati: Dhana Potofu na Ukweli

Michoro mingi ya nasaba za makabaila wa Kijerumani wa Enzi za Kati huonyesha mstari mmoja ulionyooka wa baba, mwana na mjukuu, wote wakiwa na jina moja. Mstari huo hupendeza macho, lakini umezaa dhana potofu kadhaa.

Ya kwanza ni kwamba jina la ukoo lilirithiwa tangu jadi. Ukweli ni kwamba kabaila aliitwa kwa jina la ngome yake, na akihama, jina nalo liliweza kubadilika. Makabaila wa Scheyern huko Bavaria walipohamia ngome ya Wittelsbach mwanzoni mwa karne ya 12, na makao yao ya awali wakawaachia watawa, walianza kuitwa Wittelsbach, ingawa damu ilikuwa ile ile.

Dhana inayopotosha zaidi ni kwamba upande wa mama haukuwa na uzito. Friedrich Barbarossa alipochaguliwa kuwa mfalme mwaka 1152, baba yake mdogo, Askofu Otto wa Freising, aliandika kwamba sifa yake kubwa ilikuwa kuunganisha koo mbili hasimu, kwa kuwa mama yake, Judith, alikuwa binti wa ukoo wa Welf. Hata ukoo wa baba yake, yaani Staufen, ulidai ufalme kupitia kwa mwanamke: bibi yake Agnes, binti wa Kaisari Heinrich IV.

Mfano wa Thuringia uko wazi zaidi. Heinrich Raspe, mtawala wa Thuringia, alipofariki mwaka 1247 bila mtoto, walijitokeza wadai wawili wakuu. Mmoja alikuwa Heinrich wa Meissen, ambaye mama yake, Jutta, alizaliwa katika ukoo huo. Wa pili alikuwa Sophie wa Brabant, aliyemdaia mwanawe mdogo urithi, na ambaye katika hati zake alijitambulisha kuwa binti wa Mtakatifu Elisabeth, mke wa mtawala wa Thuringia, mwenye sifa za ukarimu, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 1235. Pande zote mbili, basi, zilisimama juu ya haki ya mwanamke. Vita viliendelea hadi mwaka 1264: Thuringia ikabaki kwa Meissen, naye mwana wa Sophie akapata Hesse, ambako uzao wake ulitawala kwa karne nyingi.

Kuhusu dhana kwamba kifungua mimba alirithi kila kitu, inatosha kutaja Bavaria, ambayo ndugu wawili waligawana mwaka 1255. Hati ya Kaisari ya mwaka 1356, iitwayo Bula ya Dhahabu (kwa muhuri wake wa dhahabu), ilizuia mgawanyo huo katika nchi za watawala wateuzi tu, yaani wale waliomchagua mfalme.

Husemwa pia kwamba ndoa za wakati huo hazikuvunjika. Kanisa lilikataza ndoa za jamaa hadi kizazi cha 7, kikapunguzwa hadi cha 4 mwaka 1215, na kwa kuwa makabaila wengi walikuwa na undugu, kisingizio hakikukosekana: Barbarossa alimwacha mkewe Adela kwa hoja hiyo mwaka 1153. Margarete wa Tirol hakungoja hata idhini ya Papa. Mwaka 1341 alimfungia mumewe milango ya ngome, mwaka uliofuata akaolewa na Ludwig wa Brandenburg, wote wawili wakatengwa na Kanisa, na ndoa hiyo haikutambuliwa hadi mwaka 1359. Mwaka 1363, mwanawe wa pekee aliyebaki alipofariki, ni yeye aliyeikabidhi Tirol kwa Rudolf IV wa Habsburg.