Kuloweka mbegu za kunde na choroko: yanayosemwa na ilivyo shambani

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na mwanzo wake hauaminiki: inaweza kunyesha siku mbili, kisha jua likawaka wiki nzima. Mbegu isiyowahi unyevu huo mfupi hupotea, na mkulima akalazimika kununua nyingine. Kuloweka mbegu kabla ya kupanda kunasaidia kweli, tena hakugharimu ila maji na ndoo, lakini kumezungukwa na maneno yanayowaponza watu.

La hatari kuliko yote ni hili: kwamba mbegu iliyolowekwa imeshakunywa, hivyo unaweza kuipanda hata kwenye vumbi. Sivyo. Mikunde hudai maji mengi ili ichipue. Soya hunyonya karibu nusu ya uzito wake, ilhali mahindi hutosheka na kama theluthi. Maji ya ndooni huanzisha kazi tu, udongo ndio unaoimalizia. Mbegu iliyoamka ikakuta ardhi kavu inaweza kufa, wakati ile kavu ingeweza kuisubiri mvua. Anayepanda kabla ya mvua basi apande mbegu kavu. Kuloweka kunamfaa anayepanda ardhi ikiwa imeshalowa, kwa sababu kunampunguzia zile saa ambazo mbegu ingekuwa inanyonya polepole huku udongo wa juu ukikauka.

Wengine huamini kwamba kadiri inavyokaa majini ndivyo itakavyoota vizuri, wakaiacha siku mbili. Majini mbegu hukosa hewa, na sukari inayovuja kutoka ndani yake hulisha ukungu. Kwa choroko na dengu, majaribio ya wakulima wa Asia Kusini yametumia kama saa 8: loweka usiku, panda asubuhi. Maharage na karanga huumia upesi zaidi. Singeloweka mzigo mzima bila kujaribu kiganja kimoja kwanza. Ukishazitoa, zitandaze kivulini mpaka zisigandane, uzipande siku hiyohiyo.

Wapo pia wanaosema mbegu ilowekwe kwa maji ya moto. Hilo linaifaa lusina, mti wa malisho ambao ganda la mbegu yake halipitishi maji. Hiyo hutiwa maji ya nyuzi 80 kwa dakika chache. Kunde na choroko tunazolima kwa chakula kwa kawaida hazina ganda la namna hiyo. Ukizimwagia maji hayo unaua kiini.

Bakteria wa rizobia nao husifiwa kuwa dawa ya kuotesha. Kazi yao ni kuunda vinundu mizizini na kuupa mmea naitrojeni, jambo linaloonekana wiki kadhaa baada ya kuota. Ni viumbe hai: jua, ukavu na dawa nyingi za kuua ukungu huwaangamiza. Wapake kwenye mbegu ukiwa kivulini, baada ya kuloweka, kisha panda mara moja kwenye udongo wenye unyevu. Majivu, kwa upande wake, husaidia ghalani dhidi ya fukusi, si dhidi ya ukame.

Mbegu iliyokufa haifufuliwi na maji. Ili ujue kama zako zi hai, hesabu 100, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, na baada ya wiki tazama ni ngapi zimeota. Na zile zilizopakwa dawa ya rangi kiwandani usiziloweke kabisa: utaosha dawa uliyoilipia, na maji yake ni sumu kwa kuku na watoto.