Je, wajua kwa nini kulala na lenzi machoni bado ni hatari, hata zile zilizotengenezwa kwa kulala nazo?

Mvaa miwani akiamka usiku, mkono hutangulia macho. Anapapasa kwenye stuli, anaangusha simu, anagonga kikombe cha maji, ndipo anaipata miwani. Sasa mwambie mtu huyo kwamba zipo lenzi laini anazoweza kuzivaa leo, akalala nazo, akaamka anaiona saa ya ukutani, na kuzivua wiki ijayo au hata mwezi ujao. Atakachouliza ni bei tu. Lakini madaktari wengi wa macho wakiulizwa habari hizo hukunja uso.

Tuanze na hewa. Konea, kile kioo cha mbele ya jicho, haina mishipa ya damu. Ingekuwa nayo, tungeona ukungu. Kwa hiyo oksijeni yake huichukua moja kwa moja hewani, ikiwa imeyeyuka kwenye machozi. Ukifumba macho kulala, mlango huo unafungwa. Konea inabaki kutegemea mishipa iliyo upande wa ndani wa kope, na oksijeni inashuka hadi kama theluthi ya ile ya mchana. Ndiyo maana kila mtu huamka konea yake imevimba kidogo, kama asilimia 3 au 4, kisha inanywea akishafumbua macho. Ukiweka lenzi za zamani hapo katikati, uvimbe uliweza kupita asilimia 10.

Lenzi laini zenyewe zilizaliwa mezani nyumbani. Krismasi ya 1961, mkemia wa Prague, Otto Wichterle, alizimimina kwa mashine aliyoiunga kwa vyuma vya kuchezea vya watoto na dainamo ya baiskeli. Plastiki yake ilinyonya maji, ikawa laini kama ute, na oksijeni ilipita kupitia maji hayo. Kwa mchana ilitosha. Kwa usiku haikutosha, ila biashara haikusubiri: mwaka 1981 Marekani iliruhusu watu wakae na lenzi hadi siku 30 mfululizo.

Miaka minane baadaye zikaja takwimu kutoka New England, kaskazini mashariki mwa Marekani. Kati ya wavaaji 10,000 wa lenzi laini wanaozivua usiku, kama 4 kwa mwaka walipata kidonda cha konea. Kwa waliovaa zile za kulala nazo, walikuwa kama 21. Siku 30 zikakatwa zikawa 7.

Watengenezaji wakaona tatizo ni hewa, na kusema kweli, hewa walikuja kuipatia dawa. Walichanganya silikoni, ambayo hupitisha oksijeni bila kutegemea maji. Lenzi hizo ziliingia sokoni mwaka 1999, na 2001 Marekani ikarudisha ruhusa ya siku 30 kwa baadhi yake. Macho mekundu ya asubuhi yakapungua. Halafu Australia wakahesabu upya, matokeo yakatoka 2008: waliolala na lenzi za silikoni, kama 25 katika 10,000 kwa mwaka waliambukizwa. Yaani kidonda hakikupungua hata kidogo.

Hapo ndipo penye utamu wa jambo hili. Jicho halijilindi kwa hewa peke yake. Kila ukipepesa, kope hufagia na machozi husuuza, tena yana kimeng'enya kinachoua bakteria. Ukilala, hakuna kupepesa. Machozi yaliyo chini ya lenzi yanatuama kama maji ya dimbwi, na bakteria kama Pseudomonas, anayependa kung'ang'ania plastiki, anapata usiku kucha wa kufanya kazi. Akiipata konea yenye mchubuko, anaweza kuiharibu vibaya ndani ya siku moja au mbili.

Haina maana kwamba lenzi za kulala nazo hazifai kabisa. Baada ya konea kuchubuka, au baada ya aina fulani za upasuaji wa leza, daktari huweka lenzi laini kama bandeji na mgonjwa hulala nayo siku kadhaa, akitiwa matone ya kuzuia maambukizi. Mtoto mchanga aliyetolewa mtoto wa jicho naye hunufaika. Hebu fikiria kumvalisha na kumvua lenzi kila siku huku anarusha mateke.

Zinazonitia wasiwasi zaidi ni zile lenzi za rangi zinazouzwa pamoja na wanja na kope za bandia. Nyingi hazikutengenezwa kwa kulala nazo, lakini bibi harusi anarudi nyumbani kutoka ukumbini saa tisa usiku, miguu inawaka, analala nazo. Asubuhi zimekauka na kunata. Asizivute, wala asizilowanishe kwa maji ya bomba, kwani humo huweza kuwamo amiba anayekula konea. Atie matone ya macho yanayofaa lenzi, asubiri mpaka ziteleze zenyewe.

Jicho likiuma, likiwa jekundu au likikimbia mwanga baada ya kuvua lenzi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Lenzi usiitupe. Iweke kwenye kikopo chake uende nayo, maana mara nyingine maabara humpata kijidudu kwenye lenzi au kikopo hicho.