Je, wajua kwa nini gari la kabichi lilirudi shambani limejaa samadi?

Enzi za Malkia Victoria, aliyetawala Uingereza kuanzia 1837 hadi 1901, mkulima wa mboga aliyeishi pembezoni mwa London alipakia gari lake la farasi jioni. Usiku wa manane alikuwa njiani kwenda soko la Covent Garden au la Borough. Akishashusha mboga alipitia mazizi ya mjini, akajaza samadi, akarudi nayo shambani.

London yote ilikokotwa na farasi, na kinyesi chao kilikuwa kero kwa mji. Kwa mkulima kilikuwa mali. Udongo ulioshiba samadi ulimpa mavuno kadhaa kwa mwaka: figili zinang'olewa, letusi zinaingia papo hapo. Tena samadi mbichi hutoa joto inapooza. Aliirundika chini ya vitalu vilivyofunikwa kwa vioo, miche ikaota huku nje baridi ikiuma. Mboga ya kwanza kufika sokoni ndiyo iliyokuwa na bei.

Mmoja wao alikuwa Joseph Myatt, aliyelima Deptford na baadaye Camberwell, kusini mwa London. Inasimuliwa kwamba karibu na mwaka 1810 aliwatuma wanawe wawili soko la Borough na mafungu matano ya rubabu, mmea wenye mabua mekundu yenye ukali wa ukwaju. Watu waliujua kwa mizizi yake, iliyokuwa dawa ya tumbo. Kula mabua lilikuwa jambo geni. Yaliuzika mafungu matatu tu. Myatt hakukata tamaa. Sukari ilipozidi kushuka bei, mabua hayo yakawa kitindamlo cha kila nyumba, na aina aliyoiita Victoria, kwa heshima ya malkia, inapandwa mpaka leo.

Kazi hii haikuwa ya baba peke yake. Mke na mabinti waliosha na kufunga mafungu, wavulana wakaendesha farasi, na msimu wa kuchuma ukifika watoto walikosa shule. Nguvu ya familia isipotosha, waliajiriwa vibarua, wengi wanawake. Hao ndio ninaowaona wamesahaulika mno. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, wanawake kutoka Wales na Shropshire, mbali upande wa magharibi, walikuja kila msimu, wakabeba stroberi kichwani juu ya ngata kutoka Isleworth, magharibi mwa London, hadi Covent Garden, zaidi ya kilomita 12, maana gari lingeziponda njiani. Bei nzuri ya stroberi ilitoka shingoni mwao.

Lakini mji uleule uliomlisha mkulima ulikuwa ukimeza shamba lake. Wengi walikodi ardhi, na mwenye ardhi alipata zaidi kwa kujenga nyumba. Shamba la Camberwell lilikuwa la ukoo wa Minet. Sehemu yake ikawa bustani ya umma, iliyofunguliwa 1889 na kuitwa Myatt's Fields. James, mtoto wa Joseph, alikuwa ameshahamia Offenham, karibu na Evesham, mji wa mbali na London ulioko magharibi-kati mwa Uingereza, uliofikiwa na reli mwaka 1852.

Huko Evesham wakulima walikuwa na desturi ya kulinda jasho lao. Asparaga, mboga inayoliwa machipukizi yake, huchukua kama miaka mitatu kabla ya kuvunwa, na mti wa matunda zaidi ya hapo. Kwa kawaida mpangaji alipoondoka, vilivyopandwa ardhini vilibaki kuwa vya mwenye ardhi. Kwa desturi ya Evesham, anayeondoka alimtafuta mwenyewe mpangaji wa kushika nafasi yake, na huyo mpya akamlipa thamani ya miti na vitalu alivyovikuta. Mwaka 1895 Bunge lilipitisha sheria iliyowapa wakulima wa bustani za soko haki ya kudai fidia ya namna hiyo kutoka kwa mwenye ardhi.